Meza ya Maabara: Uliumwa tangu lini?

Upepo wa Julai umeshaingia Dodoma na vumbi lake, na barua za vikohozi zimefuata nyuma. Mwezi huu nimepata nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinazunguka jambo moja: haya magonjwa mapya ya njia ya hewa yanayoletwa na virusi yanapimwaje, na majibu yake tuyaamini kiasi gani. Nimekaa kwenye benchi la maabara miaka 23, mingi kati ya hiyo hapahapa Kanda ya Kati. Kuna swali ambalo nawauliza wagonjwa kabla sijashika hata chupa, na leo nitawauliza ninyi pia: uliumwa tangu lini?

Shikamoo Mama. Mume wangu alikwenda msibani Kondoa siku ya Jumamosi. Jumatatu tukasikia mmoja wa waliokuwa wamekaa naye jamvi moja amelazwa kwa UVIKO-19. Siku hiyohiyo akaenda kupima kipimo cha haraka, majibu hasi. Tukamshukuru Mungu, tukala sahani moja, watoto wakamlalia kifuani kama kawaida. Alhamisi akashikwa na homa, Ijumaa akapimwa kile kipimo kikubwa cha PCR, chanya. Kipi kati ya hivi kilitudanganya? — Mama wa watoto watatu, Nkuhungu

Marahaba, mama mwenzangu, na poleni sana. Hakuna kilichowadanganya. Vyote viwili vilisema kweli ya siku yake, na aliyewapa yale majibu ya Jumatatu alipaswa kuwaambia hivyo kabla hamjatoka mlangoni.

Kirusi kikiingia puani hakijai siku hiyohiyo. Kinaingia kwenye seli, kinaifanya iwe karakana yake, kinatoa vingine, navyo vinavamia seli za jirani. Siku za mwanzo kabisa viko vichache kiasi kwamba hata mashine ya bei kubwa haivioni. Jumatatu ile mumeo alikuwa na siku 2 tangu akae jamvini. Ningempima mimi kwa chombo chochote nilichonacho, yaelekea ningempa jibu lilelile.

Tena kuna tofauti ya vipimo vyenyewe. Kipimo cha haraka, kile cha mistari miwili, kinatafuta antijeni, yaani protini za kirusi. Hakizidishi kitu. Kilichobebwa na kijiti kutoka puani ndicho hichohicho kinachopaka rangi ule mstari, kwa hiyo kinahitaji virusi wawe wengi. PCR yenyewe inazidisha. Kirusi hiki kinabeba vinasaba vyake kwa mfumo wa RNA. Kwanza tunavigeuza viwe DNA, halafu mashine inapasha joto hadi nyuzijoto 95, nyuzi mbili za DNA zinaachana, inapoa hadi karibu nyuzijoto 60, na kila uzi unajengewa mwenzake. Hapo moja imekuwa mbili. Mzunguko unaofuata mbili zinakuwa nne. Chukua punje moja ya uwele uifanyie hivyo: baada ya mizunguko 10 una punje zaidi ya 1,000, baada ya 20 zimepita milioni, baada ya 30 zimepita bilioni. Sisi tunakwenda hadi mizunguko 40 hivi. Ndiyo maana PCR inakamata kidogo ambacho kipimo cha haraka kinakipita.

Lakini uwezo huo una upande wa pili, na naomba uukumbuke mumeo atakapopona. Mashine inatuonyesha ni mzunguko wa ngapi ndipo alama ilianza kuonekana. Mgonjwa anayeonekana mzunguko wa 18 ana virusi wengi mno. Anayeonekana mzunguko wa 36 ana wachache sana, na pengine ni mabaki tu ya ugonjwa uliokwisha. PCR inaweza kuendelea kusema chanya wiki kadhaa baada ya mtu kurudi shambani akiwa mzima. Usimtenge baba wa watu mwezi mzima kwa sababu ya karatasi.

Siku nyingine mkisikia mtu mliyekaa naye amelazwa, msikimbilie kupima kesho yake halafu mkaamini hasi. Mwenye wasiwasi avae barakoa, alale chumba chake kama nafasi ipo, na dalili zikianza ndipo apime. Kipimo cha haraka kikisema hasi na homa ipo, rudieni baada ya saa 48. Na watoto je, hawajambo? Hukuniandikia.

Mama, mimi ni mfanyabiashara wa kuku wa kienyeji, nakusanya vijijini Singida na kupeleka Dodoma na Dar es Salaam. Wiki mbili hizi kuku wangu wamekuwa wakizubaa, wanatoa ute mdomoni na kufa. Mimi mwenyewe nina mafua na jicho moja jekundu. Nilienda kupima korona, hasi. Je, ingekuwa mafua ya ndege kipimo kile si kingeonyesha? — Msafirisha kuku, Manyoni

Kaka, kisingeonyesha. Nimeisoma barua yako mara tatu, na naomba ukimaliza kusoma jibu hili uinuke uende hospitali, na ufike ukisema neno "kuku" kabla ya neno "mafua".

Watu wengi wanadhani kipimo ni kama tochi: unamulika kila kilichomo ndani ya pua. Vipimo vyetu vingi ni kama ufunguo. Ufunguo wa korona unafungua mlango wa korona. Kama ndani ya pua yako kuna influenza, kifua kikuu na kirusi cha mafua ya kawaida vimekaa pamoja, kipimo cha korona kitasema hasi na kitakuwa sahihi.

Mafua ya ndege ni influenza ya aina ya A. Maabara yenye vitendanishi (yaani kemikali za kupimia) vya influenza inauliza kwa ngazi. Swali la kwanza: ni A au B? Ikiwa A, ni ile ya H1 au ya H3, ambazo zimezoea binadamu? Na ikitokea kwamba ni A lakini haikubali kuwa H1 wala H3, hapo mtu wa maabara anaacha chai yake. Jibu la namna hiyo ndilo linalotuamsha usiku, na sampuli inatakiwa iende Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, Dar es Salaam, ambayo ndiyo kituo cha taifa cha influenza katika mtandao wa Shirika la Afya Duniani.

Hilo si jambo la kubuni. Hong Kong mwaka 1997 kirusi cha H5N1 kilitoka kwa kuku kikaingia kwa watu 18, na 6 wakafariki. Mwaka 2013 kule China ikaja H7N9, nayo iliwachanganya watu zaidi kwa sababu kuku waliokuwa nayo walionekana wazima sokoni, wakila na kutaga, huku wanunuzi wakiugua nimonia kali.

Sasa jicho lako. Mwaka 2024 Marekani H5N1 ilikutwa kwenye ng'ombe wa maziwa, jambo ambalo sisi wa Kanda ya Kati, ambao ng'ombe ndiye benki yetu, tulipaswa kulisikiliza kwa makini. Baadhi ya wafanyakazi wa mazizi waliugua macho kuwa mekundu zaidi ya kifua. Mfanyakazi mmoja wa jimbo la Michigan, Mei mwaka huo, alipimwa puani ikawa hasi, akapimwa jichoni ikawa chanya. Kama wangechukua ya puani peke yake wangemrudisha nyumbani. Kwa hiyo mwambie daktari kuhusu jicho, na umwambie wazi kwamba unashika kuku wagonjwa.

Sijasema unaumwa mafua ya ndege. Kuku wa kwetu wanaokufa kwa kuzubaa na kutoa ute, mara nyingi ni kideri, ule ugonjwa wengine wanauita mdondo, na huo una chanjo ya bei ndogo ya kudondoshea jichoni. Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kideri kikali na mafua makali ya ndege vinafanana hadi daktari wa mifugo aliyebobea anahitaji maabara. Usimtie kuku aliyekufa kwenye mfuko ukapanda naye basi kuja mjini, na usiwauze wale wanaozubaa kwa bei ya kutupa. Mwite afisa mifugo wa kata aje hapo ulipo. Yeye ndiye atakayechukua sampuli za kooni na za nyuma ya kuku na kuzipeleka Wakala wa Maabara ya Veterinari, ambao wana kituo Kanda ya Kati. Waliokufa wafukie kirefu, na ufunike mdomo na pua unapowafukia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya bweni, Kongwa. Tuna wanafunzi karibu 1,000. Mzazi mmoja amejitolea kutununulia vipimo vya haraka vya UVIKO-19 tuwapime wote siku ya kufungua shule, wenye dalili na wasio na dalili. Tukubali? — Mwalimu, Kongwa

Mwalimu, mshukuru mzazi huyo, kisha chukua chaki tufanye hesabu pamoja kabla hujakubali.

Shirika la Afya Duniani lilipoanza kuruhusu vipimo vya antijeni liliweka kiwango cha chini: kiweze kukamata angalau wagonjwa 80 kati ya 100, na kisikosee kwa zaidi ya wazima 3 kati ya 100. Tuseme mna kipimo cha kiwango hicho, na katika wanafunzi 1,000 wenye maambukizi ni 10. Kipimo kitawapata 8. Wawili watapita na kwenda bwenini na karatasi ya hasi mkononi. Kati ya wale 990 wazima, 3 kati ya kila 100 watasomeka chanya, yaani karibu watoto 30. Jioni mtakuwa na watoto 38 mliowatenga, na 30 kati yao hawana kitu. Mtawaweka hao 30 chumba kimoja na wale 8.

Geuza sasa. Mwezi wa pili bweni limeshikwa na homa, watoto 100 wana kikohozi, na tuseme 40 kati yao wana maambukizi kweli. Kipimo kilekile kitawapata 32, na kati ya 60 waliobaki kitakosea kwa wawili. Chanya 34, kweli 32. Kipimo hakijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni mliowapima.

Pokeeni vipimo, viwekeni mahali pakavu pasipo na joto kali (bati la stoo ya shule mchana wa Oktoba litaviharibu), na mvitumie mtoto akiugua. Fedha itakayobaki mwambie mzazi aongeze madirisha ya bweni. Nimewahi kuingia bweni ambalo ukipumua unakula pumzi ya mwenzio, na hapo hakuna kipimo kitakachowasaidia.

Habari ya kazi Mama. Nimetumiwa WhatsApp kwamba China wamegundua kirusi kipya kinaitwa HMPV na maabara za Tanzania hazina kipimo chake. Ni kweli? — Dereva wa bajaji, Majengo

Salama, mwanangu. Kirusi hicho cha njia ya hewa kipo, upya haupo. Watafiti wa Uholanzi walikitambua mwaka 2001, na walipopima damu za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa walikuta watu walikuwa na kingamwili zake tangu mwaka 1958. Yaelekea wewe mwenyewe uliugua utotoni, mama yako akakupaka mafuta kifuani. PCR yake ipo na vitendanishi vyake vinanunulika kama vingine. Kilichokuwa kipya ni ule ujumbe.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa UDOM. Maswali mawili. Kwanza, ugonjwa ambao haujawahi kuonekana duniani unatengenezewaje kipimo, ilhali umesema kipimo ni ufunguo wa mlango mmoja? Pili, nisamehe kwa hili: mwaka 2020 tulisikia papai limekutwa na korona. Tangu hapo nyumbani kwetu hakuna anayeamini maabara. Niwaambie nini? — Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba. Hakuna la kusamehe. Maswali yako yote mawili ni ya mtu anayefikiri, na umenikumbuka hadi nilichosema toleo lililopita juu ya ufunguo.

La kwanza. Juni 2012, mjini Jeddah, daktari wa maabara aitwaye Ali Mohamed Zaki alipokea kohozi la mzee wa miaka 60 aliyekuwa na nimonia na figo zinazokataa kazi. Akapima virusi vyote alivyokuwa na funguo zake, hasi zote. Wengi wetu tungeandika "hasi" na kwenda nyumbani. Yeye akapanda lile kohozi kwenye seli hai, akaona seli zinakufa. Maana yake kitu kipo. Ndipo akatumia aina ya PCR iliyolegezwa, isiyotafuta kirusi kimoja bali sehemu ya vinasaba ambayo ukoo mzima wa korona unashirikiana, kama vile unavyoweza kumjua mtu wa ukoo fulani kwa pua yake kabla hujamjua jina. Ikasoma chanya. Sampuli ikaenda Rotterdam kusomwa vinasaba vyake herufi kwa herufi, na ndipo ulimwengu ukajua MERS, ugonjwa wa njia ya hewa unaoletwa na kirusi cha ukoo huo wa korona, ambacho baadaye kiligundulika kuishi kwenye ngamia. Mimi hadithi hiyo naipenda kuliko zote za kazi yangu, kwa sababu mtu mmoja alikataa kuridhika na hasi.

Miaka minane baadaye mambo yalikwenda kasi mno. Vinasaba vya kirusi cha Wuhan viliwekwa wazi tarehe 11 Januari 2020. Tarehe 13, siku mbili baadaye, maelekezo ya kipimo kilichobuniwa na kundi la Christian Drosten, Berlin, yalikuwa yameshachapishwa na Shirika la Afya Duniani. Watu wale hawakuwa na kirusi chenyewe mkononi. Walikuwa na vinasaba vya ndugu yake, SARS ya mwaka 2003, wakaviweka pembeni ya vile vipya, wakachagua vipande vinavyofanana na visivyobadilika upesi.

Na virusi hubadilika. Mwishoni mwa 2020 maabara za Uingereza ziliona jambo: kipimo chao kilikuwa kinatafuta vipande vitatu, na ghafla kwa wagonjwa wengi viwili vilionekana na kimoja kikapotea. Kirusi kilikuwa kimedondosha herufi chache pale ufunguo ulipokuwa unaingia. Kwa bahati njema vile viwili vilibaki, hivyo mgonjwa hakukosa jibu, na kule kupotea kwenyewe kukawa alama ya kuifuatilia ile aina iliyokuja kuitwa Alfa. Afrika Kusini walitumia alama hiyohiyo kuifuatilia Omikroni, Novemba 2021. Ndiyo maana mtu wa maabara mwenye busara hategemei kipande kimoja.

La pili. Hayati Rais Magufuli alisema hadharani, Mei 2020, kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zilirudi na majibu chanya. Maneno hayo yalifika kila kijiji, na nyumbani kwenu hawakukosea kuuliza. Nitakujibu kwa kile ninachokifanya kwa mikono yangu.

Kila sampuli ya mtu ninayoipima kwa PCR naitafutia vitu viwili: kirusi, na jeni moja ya binadamu iitwayo RNase P. Kijiti kilichopita puani kwa mtu lazima kije na seli zake. Jeni hiyo isipoonekana najua kuna kasoro: huenda aliyechukua sampuli hakugusa ndani ya pua, huenda kipimo chenyewe hakikufanya kazi, au hii si sampuli ya mtu. Papai halina jeni hiyo ya binadamu. Likiletwa kwangu na jina la mtu, naandika "sampuli haifai, chukua nyingine". Maabara inayotumia kipimo kisicho na ulinzi huo, au inayoona jeni haipo na kuendelea kutoa jibu, imejivua nguo.

Pia kila mzunguko wa kazi naweka maji matupu kama sampuli mojawapo. Maji yakisoma chanya, uchafu umeingia. Na hapo nikuambie la kwangu. Nilikuwa kwenye maabara moja ambayo vyumba vyake havikutosha, vitendanishi vinachanganywa karibu na pale zinapofunguliwa chupa za jana. Asubuhi moja maji yakasoma chanya. Tulikuwa na sampuli za watu 40 na zaidi. Mkubwa wetu akauliza kama hatuwezi kutoa angalau zile za hasi. Tukakataa, tukazitupa zote, tukawapigia watu simu warudi. Mama mmoja alikuwa ametoka mbali kwa nauli ya kukopa, akalia mbele yangu. Nilimwambia ukweli wote, tukamchangia nauli. Siku ile ilinifundisha kusafisha meza kuliko darasa lolote.

Kwa hiyo nyumbani waambie hivi: wana haki ya kuuliza maabara, "maji yenu leo yamesomaje? Jeni ya binadamu imeonekana?" Mtu wa maabara anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa. Mimi nimengoja miaka 23 mtu aniulize.

Mama, mimi ni muuguzi wa zahanati Bahi. Tumepewa vijiti na chupa za kuchukulia sampuli za wagonjwa wa kifua wanaotutia wasiwasi. Umeme unakatika, gari la kwenda mjini haliji kila siku, na mara mbili tumerudishiwa sampuli zetu kwamba hazifai. Tunakosea wapi? — Muuguzi, Bahi

Mdogo wangu, barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu nilitaka niijibu kwa utulivu. Sisi wa mjini tunapenda kurudisha sampuli na karatasi isiyo na maelezo. Hilo ni kosa letu.

Anza na kijiti. Kiwe cha plastiki chenye ncha ya nailoni au polista. Kile cha mti chenye pamba, hata kama ni kisafi, kinaweza kuwa na vitu vinavyozuia PCR kufanya kazi, na jibu likatoka hasi la uongo. Kisha kina. Watu wengi wanazungusha mlangoni mwa pua wakaona imetosha. Pima kwa macho umbali wa kutoka tundu la pua hadi tundu la sikio, nusu yake au zaidi ndiyo safari ya kijiti, ukielekea nyuma sambamba na kaakaa. Usielekee juu kwenye paji. Ukikutana na ukuta, simama, zungusha taratibu, hesabu sekunde kadhaa, toa. Mgonjwa atatoa chozi. Asipotoa chozi nina mashaka. Mwambie mapema kwamba litamtoka, asishtuke akakushika mkono.

Vunja kijiti kwenye alama yake, kiingie chote kwenye chupa, kaza kifuniko. Yale maji ya chupa mengi yana rangi ya waridi. Yakigeuka manjano au yakiwa na ukungu kabla hujayatumia, yameharibika, yatupe. Nadhani hapo ndipo mlipoponzwa safari moja, kama chupa zilikaa dirishani.

Baridi ndiyo vita yenu kubwa. RNA ni dhaifu kama maziwa: kwenye nyuzi 2 hadi 8 sampuli inavumilia saa 72, zaidi ya hapo inahitaji friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri, ambayo Bahi hamna na wala wengi wetu hatuna. Kisanduku cha chanjo mnacho. Kwa makubaliano na mganga mfawidhi tengeni kimoja cha sampuli peke yake, msikichanganye na chanjo za watoto. Vipande vya barafu vigandishwe usiku umeme ukiwepo. Chupa iwe ndani ya mfuko wenye kitambaa cha kunyonya, mfuko ndani ya kopo gumu, kopo ndani ya boksi: tabaka tatu, ili ikivunjika barabarani aliyebeba asidhurike. Na kama gari ni la Alhamisi, mgonjwa asiye mahututi mchukue sampuli Jumatano jioni, sio Jumatatu. Mahututi usimngojeshe, mpe rufaa aende akachukuliwe huko, na mganga mkuu wa wilaya ajulishwe kwa simu kabla hajafika. Ukiona wagonjwa wawili watatu wa kijiji kimoja wana nimonia isiyoeleweka, au mifugo yao imekufa, usingoje fomu. Namba 199 ya Wizara ya Afya haitozi salio.

Usisahau kifua kikuu. Mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi chukua pia kohozi. Hospitali nyingi za huku zina mashine ya GeneXpert iliyoletwa kwa kazi hiyo. Mashine hiyohiyo ilitengenezewa katriji ya UVIKO-19 mwaka 2020 na hutoa jibu chini ya saa moja, kwa hiyo sampuli zako mbili zinaweza kupimwa kwenye meza moja.

Mwisho ni tarehe, na hapa nikusimulie. Kuna mzee aliletwa kutoka kijiji cha Chamwino, amebanwa kifua. Sampuli ya pua ilikuja kwangu, fomu ina jina, umri, jinsia, na mahali pa tarehe ya kuanza kuumwa pako wazi. Nikapima, hasi. Jeni ya binadamu ilikuwepo, maji yalikuwa safi, kila kitu sawa. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Nikapiga simu wodini, nikaongea na binti yake, nikamuuliza: baba alianza lini? Akaniambia tangu ile Jumapili ya mnada, siku 11 zilizopita. Siku ya 11 kirusi huenda kimeshatoka puani kimeshukia mapafuni. Nikawaomba kohozi la ndani. Likaja jioni, nikalipima usiku uleule. Lilionekana mzunguko wa 22. Tangu mzee aingie wodini wauguzi walikuwa wanamgeuza bila barakoa nzuri, kwa sababu hakuna aliyejua.

Fomu zile ni ndefu, na najua foleni ya zahanati ilivyo. Ukikosa muda wa kujaza vyote, jaza jina, umri na siku aliyoanza kuumwa. Kama hakumbuki tarehe, muulize ilikuwa kabla au baada ya mnada, kabla au baada ya Ijumaa ya msikitini, uandike hivyohivyo. Na pembeni niwekee namba ya simu ya ndugu yake, nitapiga.